Mcheza Kwao na Mtunzaji Wake

Mwimbaji wa taarab akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, utamwona mama fulani ameinuka, noti imebanwa kati ya vidole viwili, anakwenda mbele kwa mwendo wa kucheza. Hana haraka. Anataka aonekane, na zaidi anataka yule aliyekaa meza ya tatu ajue ubeti umemlenga nani. Kitendo hicho tunakiita kutunza. Neno lilelile tunalitumia kwa mgonjwa, kwa mzazi aliyezeeka, kwa mbegu zinazongoja mvua. Atunzwaye jukwaani hupata tunzo, ambayo magazeti siku hizi huiandika tuzo. Atunzwaye nyumbani hupata uji, dawa na mtu wa kumfulia. Lugha haikuona sababu ya kuyapa mambo hayo mawili vitenzi viwili.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Katika miji mingi ya Marekani, wanawake weusi waliohitimu vyuo hukusanyika hotelini au kwenye ukumbi wa kanisa kula chakula cha mchana na kupeana heshima. Wengine wamevaa waridi na kijani, wengine nyekundu iliyoiva na rangi ya maziwa, wengine buluu. Majina yanaitwa: jaji, muuguzi, mwalimu mkuu aliyestaafu, mama aliyeendesha jiko la kuwalisha wasio na makazi mpaka magoti yakamgomea. Kila mmoja anasimama, anasomewa wasifu wake, anakabidhiwa ngao, na wenzake wanapiga ukelele wa chama chao, ambao kwa sikio la mtu wa Pwani ni binamu wa kigelegele. Hawa ni wanachama wa vyama vya udada vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki: Alpha Kappa Alpha, Delta Sigma Theta, Zeta Phi Beta, Sigma Gamma Rho. Anayeiona sherehe ile kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni wenye vyeo wanajipongeza wao kwa wao. Mimi naiona ni kutunza kwa maana zote mbili. Na nikiilinganisha na ya kwetu, naona tofauti kubwa haiko kwenye ngao wala kwenye noti. Iko kwenye swali la nani mwenye ukumbi.

Mcheza kwao hutunzwa, tunasema, na methali hiyo haisemi lolote juu ya asiye na kwao. Ethel Hedgeman na wenzake wanane walipoanzisha Alpha Kappa Alpha katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, Januari 15, 1908, walikuwa raia wa nchi yenye shule, hospitali na mabehewa ya treni ambayo hawakuruhusiwa kuingia. Mwanamke mweusi mwenye shahada alikuwa adimu, na shahada yenyewe haikumpatia mahali pa kupongezwa nje ya kanisa lake na sebule ya wazazi wake. Basi wakajitengenezea kwao. Delta ikafuata mwaka 1913, palepale Howard. Zeta mwaka 1920, Howard tena. Sigma Gamma Rho mwaka 1922 huko Indianapolis, kwa mikono ya walimu saba wa shule.

Jambo lililowatofautisha na vyama vya wasichana wa Kizungu ni umri. Kwa wengi wa hao wengine, udada ni habari ya miaka ya chuo. Ukihitimu unabaki na picha na nyimbo. Kwa weusi, kuhitimu ndiko kunakofungua kazi. Mhitimu huingia katika tawi la watu wazima mjini kwake, hulipa ada kila mwaka, huhudhuria vikao, hupangiwa kamati. Wanaitana soror, yaani dada, hadi meno yanapodondoka. Katika Alpha Kappa Alpha, aliyetimiza miaka 25 ya uanachama ni wa fedha, aliyetimiza 50 ni wa dhahabu. Akifa, wenzake humfanyia ibada yao wenyewe kabla au kando ya ile ya kanisa, na kwa kuwa nembo yao ni jani la mtambaazi uitwao aivi, husemwa ametambaa hadi ng'ambo ya ukuta.

Sasa tuvuke bahari. Mombasa ya kati ya vita viwili vikuu ilikuwa na wanawake waliojitengenezea kwao kwa njia nyingine. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyezungumza na bibi za mji huo katika miaka ya 1970, ameandika kwa urefu juu ya vyama vya lelemama. Lelemama ni ngoma ya utulivu: wanawake wamejipanga mstari, wamevaa sare, mikono na shingo vikifanya kazi ambayo ngoma nyingine huiachia miguu na kiuno. Lakini ngoma ilikuwa sehemu tu ya chama. Kulikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, karamu, msaada wakati wa arusi na wa maziko. Kulikuwa pia na mshindani. Ibinaal Watan waliishi kwa ajili ya kuwashinda Banu Saada, na Banu Saada hawakulala kwa ajili ya Ibinaal Watan. Ndani ya vyama hivyo wanawake wenye asili ya utumwa walipata nafasi ya kusimama mstari mmoja na mabinti wa waungwana, na hata kupanda cheo, jambo ambalo mtaani lisingewezekana kirahisi. Usawa kamili haukuwapo, nafasi ilikuwapo.

Tazama jinsi heshima ilivyopatikana. Katika lelemama, mwenye kutaka cheo aligharamia: alichinja, alilisha watu, alishona sare. Alivikwa heshima kwa sababu alikuwa ametoa, na wote waliona alichotoa kwa sababu walikuwa wamekila. Kisha, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi, upande wa pili ulikuwa umekaa macho ukingoja kosa. Aliyefanya aibu alitungiwa wimbo. Sifa ya mtu ilikuwa na mkaguzi wake, tena mkaguzi mwenye sauti nzuri na asiye na huruma.

Katika vyama vya Howard, sifa hupitia karatasini. Kuna kamati, kuna barua za mapendekezo, kuna orodha ya vyeo na kazi za kujitolea, na kwanza kabisa kuna swali kama umelipa ada. Ni utaratibu wa haki zaidi kwa mtu mkimya, ambaye katika lelemama angepitwa na mwenye fedha na mbwembwe. Lakini ukumbini hakuna Banu Saada. Hakuna anayesimama baada ya wasifu kusomwa na kusema: huyu mwalimu mkuu, waulizeni waliokuwa wanafunzi wake. Nimesoma wasifu nyingi za washindi wa tuzo, za Marekani na za kwetu, na zote zina ladha moja ya chai isiyo na tangawizi. Mpinzani angeziongezea kitu.

Si kwamba dada wa Howard hawakujua kugombana. Delta yenyewe ni mtoto wa ugomvi. Mwaka 1912 wanachama 22 wa Alpha Kappa Alpha walitaka kubadili jina, rangi na nembo, na kukitoa chama katika mambo ya ndani ya chuo kukiingiza katika mambo ya nchi. Nellie Quander, aliyekwishahitimu, alisikia na hakukubali; akawapa muda waache mpango huo, na Januari 29, 1913 chama kikasajiliwa kisheria ili jina lisiweze kuguswa tena. Wale 22 walikuwa wamekwishaondoka na kuanzisha chao Januari 13. Msomaji wa Mombasa atacheka, maana hapa tunazungumza juu ya wanawake wasomi waliogawanyika, pamoja na mambo mengine, kwa ajili ya rangi za sare. Bibi zake wangeelewa mara moja. Na wangeelewa pia kilichofuata: kikundi kipya kilitafuta kwa haraka jukwaa la kuonyesha kwamba kimezaliwa. Machi 3, 1913, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa kuwa rais, Delta waliandamana Washington pamoja na maelfu ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura, katika maandamano ambayo baadhi ya waandaaji wake walitaka weusi watembee nyuma.

Pande zote mbili zilipata mwanamume msomi wa kuzikemea. Mombasa alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwanamageuzi wa dini aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, ambaye aliona watu wanamaliza mali kwa ngoma na karamu huku watoto wao hawasomi. Marekani alikuwa E. Franklin Frazier, profesa wa Howard yenyewe, ambaye katika kitabu chake juu ya tabaka la kati la weusi, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1955 na kwa Kiingereza mwaka 1957, alidhihaki vyama hivi vya herufi za Kigiriki pamoja na dansi zao, akasema watu wake wanaishi katika ndoto ya ukubwa wasiokuwa nao. Mabwana hao wawili wasingekubaliana katika mengi, lakini hapa wangepeana mkono. Na kwa sehemu walikuwa na haki. Kuna fedha iliyoishia kwenye vitambaa. Kuna wasichana waliokataliwa kwa sababu ambazo hakuna aliyezitamka mbele ya watu, za rangi ya ngozi na za kazi ya baba. Kuna mateso ya kuwaingiza wapya yaliyozidi mipaka hata mwaka 1990 baraza la vyama hivyo likaupiga marufuku mtindo wa zamani wa kuwapitisha waombaji. Mtu aliyelelewa na kungwi anajua kwamba kinachofanyika gizani kwa jina la kufunzwa hutegemea sana moyo wa mfunzaji.

Ila Frazier, kwa ukali wake wote, hakuupa uzito unaostahili msafara mmoja wa magari.

Mwaka 1934 Ida Louise Jackson, mwalimu wa Oakland, California, aliyekuwa akiongoza Alpha Kappa Alpha, alipeleka wanachama jimbo la Mississippi kuwafundisha walimu wa shule za vijijini. Wakagundua kwamba huwezi kumfundisha kitu mwalimu mwenye homa aliyezungukwa na watoto wenye njaa. Mwaka uliofuata akapewa kazi Dorothy Boulding Ferebee, daktari wa Washington aliyesomea Tufts na ambaye, alipohitimu, hospitali za Wazungu zilimkataa asifanye mazoezi ya kazi humo. Akakusanya wauguzi, walimu na wataalamu wa lishe, wote dada wa chama, wakaendesha magari yao hadi wilaya ya Holmes, katika nchi ya pamba.

Mpango ulikuwa wafungue kliniki, watu waje. Watu hawakuja. Wenye mashamba hawakutaka wakulima wao watoke, wala hawakuwapenda wanawake hawa weusi wenye magari na shahada, waliohisiwa wamekuja kuchochea. Basi kliniki ikaingia ndani ya magari. Kila asubuhi walipakia chanjo, sabuni, mizani na vyakula vya kufundishia, wakaenda shambani kwenyewe, wakapanga meza chini ya mti au ndani ya kanisa, wakachanja watoto dhidi ya dondakoo na ndui huku wasimamizi wa shamba wakizungukazunguka juu ya farasi kuwasikiliza wanasema nini. Walifanya hivyo kiangazi baada ya kiangazi hadi mwaka 1942, vita vilipofanya petroli na matairi kuwa shida. Maelfu ya watoto walichanjwa. Waliofanya kazi hiyo walitumia likizo zao. Wenzao waliobaki mijini walichanga fedha, pamoja na zile za dansi alizozicheka Frazier.

Hapa ndipo kutunza kunapofunga mduara wake. Ngao anayopewa muuguzi mstaafu leo ina ukoo na ile meza chini ya mti. Mwenye kumpa anajua kazi yenyewe, kwa sababu alikuwa kwenye gari la nyuma. Na mkono huo ulifika hadi kwetu pia: Delta walichangia hospitali ya uzazi ya Thika, Kenya, na ni dhahiri wako watu wazima leo katika mji ule waliozaliwa chini ya paa la michango ya wanawake wasiowajua.

Wa kwetu nao walikuwa na msafara wao. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Wakamtafuta Bibi Titi Mohamed, mwenye umri wa miaka chini ya thelathini, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Titi hakuwa na shahada wala ofisi. Alikuwa na sauti, na alijua viongozi wa ngoma wa kila mtaa wanakaa wapi. Akawaendea hao. Kila kiongozi akawaita wanawake wake, kama ambavyo angewaita kwa arusi, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakawa wamechukua kadi. Wanaume waliokuwa waajiriwa wa serikali ya kikoloni walikuwa wakiogopa kuonekana. Wake zao wakajiandikisha. Chama kilichojengwa kwa ajili ya kucheza kikabeba nchi. Mombasa nako, katika miaka hiyo ya 1950, ushindani wa lelemama ulihamia kwenye vyama vipya vya wanawake Waislamu vilivyojishughulisha na elimu na haki ya kura, na bado Ibinaal Watan na Banu Saada walitambuana ndani ya nguo mpya.

Hadi hapa hadithi zetu zinakwenda bega kwa bega. Zinaachana kwenye mlango wa ukumbi.

Nellie Quander aliposajili chama chake mwaka 1913, alikuwa anajikinga na dada zake. Hakujua kwamba anawajengea pia kinga dhidi ya serikali, vyama vya siasa na waume. Jina, fedha na orodha ya wanachama vikawa mali ya wanachama. Rais wa Marekani anaweza kualikwa kwenye karamu yao, na wanasiasa wamekuja wakiomba kura, lakini hakuna rais aliyewahi kuamua nani awe mwenyekiti.

Huku kwetu uhuru ulipokuja, ngoma zilikunjwa ndani ya dola. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulianzishwa mwaka 1962, Bibi Titi akiwa rais wake wa kwanza, nao ulikuwa mkono wa chama tawala. Kenya, Maendeleo ya Wanawake ilizaliwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1987 ikaunganishwa na KANU. Wanawake wa Tanzania walipojaribu kuwa na baraza lao wenyewe, BAWATA, lililoongozwa na Anna Tibaijuka, serikali ililisimamisha mwaka 1996 na kulifuta mwaka 1997. Kosa lake, kwa macho ya waliolifuta, lilikuwa kufanya siasa. Ningependa kujua ni wakati gani wanawake 5,000 wa mwaka 1955 walikuwa wakifanya kitu kingine.

Matokeo yake yanaonekana katika maisha ya Titi mwenyewe. Serikali ilimpandisha: ubunge, unaibu waziri, picha na wageni. Alipoteza kiti chake mwaka 1965. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Baada ya hapo, kimya. Jina lake likatoweka midomoni mwa watangazaji kwa karibu miaka ishirini, hadi nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru mwaka 1991 na magazeti ya chama kumkumbuka kuwa shujaa. Alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Aliyemvika ndiye aliyemvua, na ndiye aliyemvika tena. Bomba ingekuwa bado hai kama chama chenye ada, orodha na ukumbi wake, nadhani kuna mtu angempelekea khanga na kigelegele mwaka 1972, wakati ambao serikali haikuwa tayari. Labda walimpelekea. Wanawake wa Dar hawaandiki kila wanachofanya.

Siwezi kumaliza bila kuukubali ubovu wa upande wa pili wa mizani. Mlango wa dada wa Howard unafunguliwa kwa shahada, na mama wa Bomba asingeuvuka. Aliyefua nguo za Ferebee asingeuvuka. Anayefanana nao zaidi kwetu leo ni mhitimu wa shule ya wasichana kama Weruweru au Alliance Girls, anayekutana na wenzake wa zamani kulipia karo ya binti wa kijijini, kwenye kundi la simu ambalo lina mweka hazina, sare ya kitenge na ugomvi usiokwisha juu ya fundi wa kuishona. Ni vyama vizuri, nami sivibezi. Lakini vinarithi ngazi ya shule kuliko mstari wa lelemama, ambao mjukuu wa mtumwa na binti wa mwungwana waliugawana.

Lililo bora kwa dada hao, kwa maoni yangu, ni kwamba hawakungoja. Katherine Johnson alikokotoa njia za vyombo vya anga huko Hampton, Virginia, na taifa likamvisha nishani mwaka 2015, akiwa na miaka 97. Kwa Alpha Kappa Alpha alikuwa soror miaka mingi kabla ya Ikulu kulijua jina lake. Na kuna Dorothy Height. Mwaka 1929 msichana huyu alikwenda kujiandikisha katika chuo cha Barnard, New York, barua ya kukubaliwa mkononi, akaambiwa kwamba nafasi mbili za weusi za mwaka huo zimekwishajaa. Akasoma kwingine. Delta wakamfanya rais wao mwaka 1947, na kwa miaka 40 tangu 1957 akaongoza baraza la taifa la wanawake weusi, akijulikana kwa kofia zake, ambazo zilifika chumbani kabla yake. Machi 24, 2004, siku alipotimiza miaka 92, Bunge la Marekani likampa nishani ya dhahabu. Mwaka huohuo Barnard nao wakamtangaza kuwa mhitimu wao wa heshima. Kutoka 1929 hadi 2004 ni miaka 75. Mpiga fidla wa taarab angekuwa amekwishafungia chombo chake na kwenda kulala.